Sakania: Shaba inafika China, maembe yanaoza chini ya mti. Kwa nini?

Kila mwaka mvua zinapoanza Haut-Katanga, maembe huiva karibu kwa wakati mmoja. Yanaiva kwenye maparseli ya Lubumbashi, kando ya barabara ya Kasumbalesa, na katika vijiji vya Sakania mpaka kwenye mpaka na Zambia. Kwa majuma machache kila mama sokoni ana beseni la maembe na bei inaanguka. Yale ambayo hayakuuzwa wala kuliwa yanaoza chini ya mti. Majuma machache baadaye, mtu anayetaka tunda zuri dukani Lubumbashi anakuta tofaa na zabibu zilizotoka Afrika ya Kusini, na zina bei.

Wakati huohuo, Sakania yenyewe ni mlango wa kutokea. Malori na mabehewa yenye shaba na kobalti yanavuka hapo kuelekea Ndola, kisha Dar es Salaam, Beira, Walvis Bay au Durban. Mgodi wa Frontier uko karibu na mji huo, na mpaka uko karibu na mgodi. Shaba inayopita hapo inaweza kufika China baada ya majuma kadhaa. Njia ya kwenda ng'ambo ipo basi, na imezoeleka.

Nchi jirani zinazosema Kiswahili kama sisi tayari zinapeleka matunda mabichi ng'ambo. Mwezi wa 8 mwaka 2022, Kenya ilituma China makontena yake ya kwanza ya parachichi mbichi, tunda ambalo Katanga tunaliita avoka. Mwezi wa 11 mwaka huo, wakati wa ziara ya Rais Samia Suluhu Hassan mjini Beijing, Tanzania nayo ilitia sahihi mapatano ya kupeleka avoka zake huko. Je, walifanya nini ambacho sisi hatujafanya? Wengi watajibu kwamba wenzetu wana bahari, au kwamba ushuru wa nje unatubana. Majibu hayo mawili hayatoshi.

Ushuru si mlango uliofungwa

Tuanze na ushuru. Kwa kuwa Congo imo katika orodha ya nchi zenye maendeleo madogo zaidi, bidhaa zake zinaweza kuingia Umoja wa Ulaya bila ushuru na bila kikomo cha kiasi. Mpango huo ulianza mwaka 2001 na unahusu kila kitu isipokuwa silaha. China nayo, tangu tarehe 1 mwezi wa 12 mwaka 2024, imeondoa ushuru wote kwa bidhaa za nchi za kundi hilo zenye uhusiano wa kidiplomasia nayo, na Congo ni mojawapo.

Kenya haimo katika kundi hilo. Ili ihakikishiwe kuendelea kuuza Ulaya bila ushuru ilibidi ifanye mazungumzo ya mapatano ya peke yake, yaliyoanza kazi mwezi wa 7 mwaka 2024. Kwa karatasi, mkulima wa Sakania alikuwa na nafasi hiyo miaka mingi kabla ya mkulima wa Murang'a kupewa mapatano hayo.

Bahari nayo si sababu kubwa kama tunavyodhani. Zimbabwe haina bahari, lakini China iliruhusu machungwa yake, na mwaka 2024 ikatia sahihi mapatano kuhusu avoka zake. Zambia, jirani ambaye Sakania inamuona kwa macho, inauza ng'ambo matunda madogo ya blueberry yanayopandwa chini ya umwagiliaji na kusafirishwa kwa baridi.

Congo yenyewe imewahi kuifanya kazi hii. Kabla ya uhuru, ndizi za Mayumbe, upande wa Boma, zilipandishwa meli na kuuzwa Ubelgiji. Kazi hiyo ilikuwa na mashamba, reli, bandari na meli zilizopangwa kwa ajili ya ndizi. Mpango huo ulipovunjika ndizi ziliendelea kuzaa, ila zikabaki kuliwa hapahapa.

Kenya iliingiaje China?

Safari ya avoka za Kenya kwenda China haikuwa fupi. Mwaka 2019 nchi hizo mbili zilikubaliana kwanza juu ya avoka zilizogandishwa tu. Tunda lilipaswa kumenywa, kugandishwa mpaka nyuzi 30 chini ya sifuri, kisha kusafirishwa likiwa katika nyuzi 18 chini ya sifuri. Mitambo ya kazi hiyo ni ghali, na wauzaji wengi wa Kenya hawakuwa nayo. Kwa hiyo mlango ulikuwa wazi, lakini waliopita walikuwa wachache sana.

Mwezi wa 1 mwaka 2022, waziri wa mambo ya nje wa China, Wang Yi, alipofika Mombasa, pande mbili zilitia sahihi mapatano mapya ya kuruhusu avoka mbichi. Hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza. Shirika la Kenya linalosimamia afya ya mimea, KEPHIS, lilipaswa kuandikisha mashamba na vituo vya kupakia, kimoja kimoja. China ilitaka kujua kila tunda limetoka shamba gani, limepakiwa wapi na nani alilikagua. Ilitaka pia uhakika kwamba wadudu waliotajwa katika mapatano hawamo. Makampuni yaliyoshinda ukaguzi ndiyo yaliyoruhusiwa, kati yao Kakuzi, ambayo mashamba yake yako Murang'a, eneo linaloongoza Kenya kwa avoka.

Kati ya sahihi ya mwezi wa 1 na makontena ya mwezi wa 8 ilipita karibu miezi saba. Na hapo Kenya ilikuwa tayari na miaka mingi ya kuuza Ulaya na Mashariki ya Kati. Ilikuwa na wakaguzi, maabara na makampuni yanayoijua kazi. Mwaka 2023 nchi hiyo ilipeleka nje zaidi ya tani 100,000 za avoka.

Jambo la kukumbuka hapo ni kwamba mnunuzi wa ng'ambo hanunui tunda peke yake. Ananunua pia neno la serikali ya nchi lilikotoka. Karatasi inayoitwa cheti cha afya ya mimea inasema: tumelikagua tunda hili, halina mdudu unaoukataa. Kama anayeitia sahihi haaminiki, tunda linabaki nyumbani hata likiwa tamu namna gani.

Nzi mmoja, miaka saba

Maembe ya Kenya yanaonyesha gharama ya kupoteza uaminifu huo. Mwaka 2003, wataalamu waligundua katika pwani ya Kenya nzi wa matunda kutoka Asia ambaye hakuwa akijulikana Afrika. Leo anaitwa Bactrocera dorsalis. Nzi jike anatoboa ganda la embe na kutaga mayai ndani. Kwa nje unaona alama ndogo tu, pengine huoni kitu. Baada ya siku chache mabuu yanakula nyama ya tunda, na embe linaoza kutoka ndani. Katika miaka michache nzi huyo alienea karibu Afrika yote iliyo kusini ya Sahara, na Congo pia.

Ulaya ilipozidi kukuta mabuu katika maembe ya Kenya, mwaka 2014 Kenya iliamua yenyewe kusimamisha kuyapeleka huko, kabla haijafungiwa. Ilidhani itatengeneza mambo haraka, lakini mlango ulifunguliwa tena mwezi wa 9 mwaka 2021. Miaka saba ilipita.

Ndani ya miaka hiyo kulifanyika kazi isiyo ya kifahari. Katika maeneo kama Makueni, wakulima walifundishwa kuokota kila embe lililoanguka na kulizika, kwa sababu embe linaloachwa chini ya mti ndilo nyumba ya kuzaliwa nzi wa msimu unaofuata. Walitundika mitego yenye harufu inayovuta nzi dume. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, mjini Nairobi, kilileta nyigu wadogo ambao hutaga ndani ya mayai ya nzi hao. Baadhi ya wauzaji walianza kutumbukiza maembe katika maji ya moto, ya nyuzi 46 mpaka 48 hivi kwa muda wa saa moja au zaidi, ili kuua mayai na mabuu bila kuipika nyama ya tunda.

Ulaya nayo haikubaki ilivyokuwa. Tangu mwezi wa 9 mwaka 2019, nchi inayotaka kuuza maembe huko inapaswa kuonyesha kwamba eneo au shamba halina nzi huyo, au kwamba matunda yametibiwa kwa njia inayokubalika. Kwa hiyo embe la Sakania lina mtihani mgumu kuliko matunda mengine. Maembe yanayooza chini ya mti huko hayapotezi tu chakula cha mwaka huu. Yanalisha pia mdudu anayefunga mlango wa mwaka ujao.

Avoka isiyokomaa

Mdudu siye adui pekee. Kuna pia haraka ya pesa. Avoka ina tabia yake: haiivi ikiwa juu ya mti. Inakomaa pale, lakini inalainika baada ya kuchumwa. Kwa macho, avoka iliyokomaa na ile ambayo bado inafanana sana. Aliyechuma mapema anauza kwanza, tena kwa bei nzuri, maana soko bado lina njaa. Mnunuzi wa ng'ambo anafungua katoni, anangoja tunda lilainike, na badala yake linakunjamana na kuwa kama mpira. Msimu unaofuata hanunui, na hasemi kwamba ni mkulima fulani aliyekosa. Anasema ni avoka za nchi ile.

Ili kuzuia hilo kuna kipimo rahisi. Wanachukua nyama ya tunda, wanaipima uzito, wanaikausha mpaka maji yaishe, kisha wanaipima tena. Sehemu kavu iliyobaki inaonyesha kiasi cha mafuta na kukomaa kwa tunda. Kwa avoka ya aina ya Hass, kanuni ya kimataifa ya vyakula inataka sehemu hiyo ifike angalau asilimia 21. Mizani na jiko dogo la umeme vinatosha.

Kenya imekwenda mbali zaidi. Kila mwaka kuelekea mwisho wa msimu mkubwa, mamlaka yake ya kilimo husimamisha kwa muda kupeleka avoka za Hass na Fuerte kwa meli, kisha hukagua matunda mashambani kabla ya kufungua tena. Ilifanya hivyo mwezi wa 10 mwaka 2024. Wafanyabiashara wa kati hulalamika, maana mtu mwenye lori na wachumaji anapata hasara lori likisimama. Wakulima nao wanagawanyika: mwenye deni la ada ya shule anataka auze leo. Ila waliowahi kuona makontena yakikataliwa wanaelewa kwa nini serikali inafunga.

Baridi isiyokatika hata saa moja

Tunda likikaguliwa na kupatikana zuri, linabaki na safari. Avoka inapowekwa kwenye baridi ya nyuzi 5 hivi, ndani ya kontena ambalo hewa yake imepunguzwa oksijeni, inalala usingizi kwa majuma kadhaa. Baridi ikikatika, inaamka na kuanza kuiva, na haiwezi kulazwa tena kama mwanzo. Kwa hiyo kontena linapaswa kupata umeme shambani, barabarani, mpakani, bandarini na melini. Mafundi hawaulizi kama baridi ilikuwepo kwa wastani. Wanauliza kama ilikatika.

Hata Kenya yenye bandari yake imeumia hapo. Kuanzia mwisho wa mwaka 2023, Wahouthi wa Yemen walipoanza kushambulia meli katika Bahari ya Shamu, makampuni mengi ya meli yaliacha njia ya Suez na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, kusini kabisa ya Afrika. Safari ya kwenda Ulaya iliongezeka kwa karibu majuma mawili, na gharama ikapanda. Avoka zilizohesabiwa kufika zikiwa ngumu zilifika zikiwa zimelainika, na nyingine hazikuuzika.

Afrika ya Kusini, ambayo matunda yake tunayala Lubumbashi, ilipata shida ya namna nyingine. Katikati ya mwaka 2022, Ulaya ilibadilisha masharti ya baridi kwa machungwa kwa sababu ya nondo mmoja wa asili ya Afrika ambaye kiwavi wake huingia ndani ya tunda. Masharti mapya yalianza wakati meli zilikuwa tayari baharini, na makontena yakakwama katika bandari za Ulaya. Afrika ya Kusini ilipeleka malalamiko katika Shirika la Biashara la Dunia. Ilikuwa na wanasheria, wataalamu wa wadudu na chama chenye nguvu cha wakulima wa machungwa cha kuitetea. Nchi isiyo na watu hao inapokea masharti na kunyamaza.

Sakania: reli ipo

Tukirudi kwetu, Sakania si kijiji kilichosahaulika na njia. Reli iliyotoka kusini ilifika hapo mwezi wa 12 mwaka 1909, na mwaka uliofuata ikafika Élisabethville, Lubumbashi ya leo. Sakania ilikuwa na treni kabla ya Lubumbashi. Ukitoka Sakania kwa reli unafika Ndola, kisha Kapiri Mposhi, na pale inaanzia TAZARA, kilometa 1,860 mpaka Dar es Salaam. Upana wa reli ni uleule kutoka Katanga mpaka baharini. Upande wa magharibi, njia ya Lobito imepata kampuni mpya upande wa Angola na inazungumziwa kila siku, ingawa kila anayeizungumzia anafikiria madini.

Shida ni kwamba njia hizi zimezoea mzigo unaoweza kungoja. Bamba la shaba likisimama siku 10 kwenye foleni, mwenye mzigo anapoteza pesa lakini shaba inabaki shaba. Mwezi wa 8 mwaka 2024, baada ya Congo kukataza bia na vinywaji baridi kutoka nje na madereva kulalamika Kasumbalesa, Zambia ilifunga kwa siku chache mipaka ya Kasumbalesa, Mokambo na Sakania. Madini yalingoja, kisha yakaendelea na safari. Kontena la avoka katika siku hizo lingehitaji mafuta ya jenereta mchana na usiku, na dereva mwenye pesa za kuyanunua.

Mpakani kuna pia meza nyingi. Dwane, yaani DGDA, inaangalia ushuru. OCC inapima ubora. Huduma ya karantini ya wanyama na mimea, SQAV, ndiyo inayohusika na wadudu na cheti cha afya ya mimea. Kwa shaba, meza ya dwane ndiyo kubwa kuliko zote. Kwa tunda, ngazi inageuka: mkaguzi wa karantini ndiye mwenye ufunguo. Bila mkaguzi mwenye kioo cha kukuzia, maabara anayoweza kuifikia, chumba cha baridi cha kufanyia ukaguzi na sahihi inayojulikana ng'ambo, hakuna katoni itakayopokelewa Rotterdam au Shanghai. Nchi zilizofaulu ziliweka pesa kwenye ofisi hiyo kabla ya kuweka pesa kwenye mabango.

Nani atajaza kontena?

Kuna hesabu nyingine ambayo mkulima anapaswa kuijua mapema. Kontena kubwa la baridi la futi 40 linabeba zaidi ya katoni 5,000 za avoka, kila moja ya kilo 4. Hizo ni tani 20 na kidogo, za aina moja, zenye ukubwa unaolingana, zilizochumwa katika siku chache zilezile. Mama mwenye miti minne kwenye parseli hawezi kulijaza. Hata kijiji kizima chenye miti ya kienyeji iliyochanganyika hakiwezi, kwa sababu soko la mbali linataka hasa Hass, ile ya ganda gumu linaloelekea weusi linapoiva.

Murang'a nchini Kenya, na Njombe, Iringa na Mbeya nchini Tanzania, wakulima wadogo walilipata jibu katika vikundi. Miche inabebeshwa, yaani inapandikizwa kwa chipukizi la aina iliyochaguliwa, ili miti yote izae tunda moja. Kikundi kinashika daftari moja la dawa zilizopigwa na tarehe zake. Kinagawana gharama ya cheti cha GLOBALG.A.P., ambacho maduka mengi ya Ulaya hukidai. Mti uliobebeshwa huanza kutoa tunda la kuuza baada ya miaka mitatu au minne, kwa hiyo anayepanda leo anahitaji kitu kingine cha kula wakati anangoja.

Vikundi hivyo vina ugomvi wake. Mwanamemba mmoja akiuza usiku kwa mfanyabiashara wa pembeni, kontena linapungua. Mmoja akipiga dawa siku tatu kabla ya kuchuma, mabaki ya dawa yanaonekana maabara na mzigo wa wote unakataliwa. Ndiyo maana vikundi vinavyodumu ni vile vyenye sheria ya kumtoa mtu, na vyenye kiongozi anayekubali kuitumia hata kwa ndugu yake.

Pa kuanzia

Kwa hali ya sasa, kumwambia mkulima wa Sakania apande Hass leo ili auze China kesho ni kumdanganya. Zipo hata hivyo hatua ambazo hazingoji bandari wala mapatano ya marais.

Ya kwanza ni nzi. Kuokota na kuzika maembe yaliyoanguka, na kutundika mitego, hakuhitaji ruhusa ya Beijing. Kunaongeza maembe mazima ya kuuza Lubumbashi mwaka huohuo. Mtego pia unahesabu: daftari la nzi walionaswa kila juma ndilo ushahidi wa kwanza ambao nchi inayonunua huuomba. Mkoa una Chuo Kikuu cha Lubumbashi chenye kitivo cha kilimo, na kituo cha utafiti cha INERA kiko Kipopo. Kazi hiyo ni ya kiwango chao.

Ya pili ni kuchagua tunda lenye mlango mpana. Tangu mwezi wa 12 mwaka 2019, Ulaya inataka cheti cha afya ya mimea kwa karibu matunda yote mabichi, lakini imeyaacha matano: nanasi, ndizi, nazi, tende na durian. Mawili ya kwanza tunayajua vizuri. Nanasi na ndizi zinabaki na mtihani wa baridi, bei na safari, lakini zinaepuka ule wa nzi.

Ya tatu ni kukausha. Embe lililokatwa vipande na kukaushwa vizuri halihitaji kontena la baridi, linavumilia foleni ya mpakani, na linapungua uzito sana. Burkina Faso, nchi nyingine isiyo na bahari, inauza maembe makavu Ulaya. Kazi hiyo inadai usafi, maji na umeme au jua lililopangwa, na inaajiri akina mama wengi wakati wa msimu.

Ya nne ni soko la karibu. Lubumbashi, Likasi na Kolwezi zina watu wengi na migodi yenye makantini. Ndola na Kitwe ziko upande wa pili tu wa mpaka. Kantini ya mgodi inayotaka katoni 200 za matunda yaliyolingana kila juma, kwa tarehe, na karatasi inayoonyesha dawa zilizotumika, inamfundisha mkulima kazi ileile atakayoulizwa na Ulaya. Kikundi kisichoweza kutimiza ahadi kwa kantini ya kilometa 20 hakitaitimiza kwa duka la kilometa 10,000. Kinachoweza kitakuwa tayari siku SQAV itakapopata chumba cha baridi Sakania, na siku treni itakapokuwa na behewa lenye umeme.

Nchi za jirani hazikusafirisha matunda kwa sababu tu zilikuwa na udongo mzuri. Udongo mzuri uko Haut-Katanga pia. Zilisafirisha baada ya kukubali kuhesabu nzi, kupima uzito wa tunda kavu, kufunga msimu wakati pesa iko mezani, na kumwandika mkulima mdogo jina na shamba lake ili mtu wa mbali aweze kumwamini bila kumuona. Sakania ina reli tangu mwaka 1909. Kazi hiyo nyingine ndiyo inayongoja, na inaweza kuanza msimu huu, chini ya miembe.